Shoga, Usiilinganishe na iPad!

Shoga yangu mmoja wa Kikwajuni alinuna wiki nzima. Mumewe katoka Darajani na tableti ndogo ya mtoto, yeye kaitupia jicho mara moja tu akauliza, "Ndiyo hii?" Dada yake aliyeko Muscat ana iPad mini, na tangu aione hiyo, nyingine zote kwake ni takataka. Mwanamme wa watu alitoa pesa zake za kibati. Neno lile lilimchoma.

Haya, kununa umenuna, hesabu je, umepiga? iPad mini ya mwaka 2021 ilianzia dola 499 kule Marekani. Fire 7 ya Amazon, mwaka uliofuata, ilianzia dola 59.99. Kwa pesa ya iPad mini moja ungepata Fire 7 nane na chenji ukarudishiwa! Kuzishindanisha hizo ni sawa na kuipambanisha ngalawa na boti ya Dar, halafu uilaumu ngalawa.

Tafuta ngalawa mwenziwe. Hapo ndipo kasoro za kweli zinapoonekana. Fire 7 haiji na duka la Google Play, kwa hiyo ndugu akikuletea kutoka Marekani, usishangae kukosa baadhi ya programu ulizozizoea. Samsung Galaxy Tab A9 ya 2023 inalo, na toleo lake la chini lina RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 64. A7 Lite ya 2021 ina kioo cha inchi 8.7 vilevile, lakini ya chini kabisa ni GB 3 kwa 32. Muuzaji akikutajia bei moja kwa zote mbili, cheka kidogo kisha uondoke. Na zile zisizo na jina, zenye tarakimu kubwakubwa kwenye boksi? Iwashe palepale dukani, ingia kwenye mipangilio usome mwenyewe. Boksi halina haya.

Halafu, ni ya kazi gani? Sensa ya Agosti 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, tukahesabiwa Watanzania 61,741,120, Zanzibar peke yake 1,889,773. Nani aliuliza kama vinacheza gemu? Baadaye wakagawiwa walimu.

Mimi niliyelionja giza la Unguja, Desemba 2009 hadi Machi 2010, naanza na chaji: inakaa saa ngapi? Kisha natafuta tundu la laini. Tab A9 zipo za aina mbili, na ile ya Wi-Fi tupu itakula bando la simu yako wewe, mama mtu.