Mkono wa Mpuliza Rangi

Kando ya barabara itokayo Mbagala Rangi Tatu kuelekea Chamazi na Mbande, nyumba mpya huhitaji mageti, madirisha na samani, na vyote hivyo huhitaji rangi. Mngurumo wa kompresa ni sauti ya kawaida katika karakana za maeneo hayo. Fundi apulizaye rangi huzoea kuhofia harufu na mvuke wake. Mkono unaoshika bomba la kupulizia hauhofii sana. Hata hivyo, mkono huo hukabiliwa na madhara ya namna mbili.

Ya kwanza huja polepole. Kutwa nzima kidole cha shahada hubana kifyatulio, kifundo cha mkono hupinda, na bega huinuliwa kufikia sehemu za juu. Kano huvimba, na neva ipitayo katika kifundo hubanwa. Dalili zake ni ganzi katika gumba, kidole cha shahada na cha kati, hasa usiku. Kidole kukwama kinapokunjwa. Na vitu kuponyoka mkononi. Dawa ya maumivu hutuliza dalili hizo, lakini chanzo hubaki palepale fundi asipobadili namna ya kufanya kazi.

Mabadiliko yenyewe si ya gharama kubwa. Geti lilazwe au liinuliwe juu ya vigoda ili kazi iwe kati ya kiuno na kifua. Kwa kazi za juu, fundi apande jukwaa imara badala ya kunyoosha mkono. Mkono wote usogee pamoja, kifundo kikiwa kimenyooka. Bomba lisafishwe kila siku, kwa kuwa kifyatulio kigumu hudai nguvu zaidi. Mapumziko mafupi ya mara kwa mara hufaa kuliko pumziko moja refu, na mafundi wawili wapokezane kupuliza na kupiga msasa.

Madhara ya pili huja ghafla. Mashine zinazosukuma rangi bila upepo, zitumikazo kwenye kuta kubwa, zaweza kufikia mgandamizo wa takribani mara 100 ya ule wa tairi la gari dogo. Kidole kikiwekwa mbele ya tundu lake, rangi hupenya ngozi na kusambaa ndani ya kiganja. Jeraha huonekana kama tundu la sindano, na huenda lisiume sana mwanzoni. Ndani, rangi na thina huua nyama, na kuchelewa kwa saa chache kwaweza kumgharimu mtu kidole. Basi mashine izimwe na mgandamizo utolewe kabla ya kuisafisha au kuzibua tundu. Aliyejeruhiwa asikamue jeraha; auinue mkono, aende mara moja hospitali yenye huduma ya upasuaji, akitaja aina ya rangi na saa ya tukio. Mhudumu wa zahanati asilifunge tundu hilo na kumrudisha mgonjwa nyumbani.

Mwaka 1700, daktari wa Italia Bernardino Ramazzini aliwausia waganga waongeze swali moja kwa kila mgonjwa: unafanya kazi gani? Swali hilo ndilo litakaloonyesha kuwa ganzi ya usiku, au tundu dogo kidoleni, si jambo la kupuuzwa. Litafichua pia kikohozi na kubanwa kifua kunakosababishwa na rangi zichanganywazo na kigumishi, ambazo mvuke wake hauzuiliwi na barakoa ya kitambaa.

Mgonjwa naye asingoje kuulizwa. Aitaje kazi yake. Kwa aliyeajiriwa, maelezo hayo yakiandikwa katika kumbukumbu za matibabu yana uzito mwingine: Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inatambua ajali na magonjwa yatokanayo na kazi, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ayazuie. Kwa fundi aliyejiajiri, mkono ndio mtaji. Ukipotea, hakuna wa kumrudishia.