Dungu la Kilombero: Nyumba iliyokubaliana na maji

MASIKA yanapopamba moto, Mto Kilombero hufurika na sehemu kubwa ya bonde linalopakana na mji wa Ifakara, mkoani Morogoro, hugeuka kuwa kama ziwa. Huo pia ndio msimu wa mpunga, na familia nyingi huacha nyumba zao kijijini na kuishi mashambani kwa miezi kadhaa, kulima na kulinda mazao dhidi ya ndege na nguruwe pori.

Makazi yao huko ni dungu: kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo za miti, chenye sakafu ya fito na paa la nyasi. Maji hupita chini, watu hulala juu, na shamba lote huonekana.

Kujenga kwa kufuata ardhi kuna wapenzi wake pia ng'ambo. Mjini Charlevoix, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, Earl Young, aliyefariki mwaka 1975, alijenga nyumba za mawe ya eneo hilo, zenye mapaa yaliyopinda mithili ya uyoga. Watalii bado huenda kuzitazama. Mbugani Kilombero hakuna mawe ya namna hiyo. Mjenzi alitumia alichonacho, yaani miti na nyasi.

Tofauti ni kwamba dungu halikujengwa kwa ajili ya kupendeza macho. Linabeba uhai wa watu, na udhaifu wake mkubwa ni mianya. Mbu waenezao malaria huingia kwa urahisi kupitia uwazi ulio kati ya ukuta na paa.

Hata hivyo, kimo chake ni faida. Utafiti uliofanyika Gambia na kuchapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba kibanda kilichoinuliwa mita 3 kiliingiwa na mbu wa malaria wachache kwa asilimia 84 kuliko kilichokaa chini.

Kuhusu mianya, watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo chimbuko lake ni maabara iliyoanzishwa miaka ya 1950 na Rudolf Geigy wa Uswisi, wamejaribu kufunga chini ya paa vipande vya gunia vilivyotiwa dawa ya kufukuza mbu.

Wakulima wengi wakipata fedha hujenga nyumba ya matofali ya kuchoma na bati. Ni maendeleo, lakini tanuri hula kuni nyingi, na nyumba iliyokaa chini ndiyo ya kwanza kufikiwa na maji. Wakazi wa Ifakara wanalijua hilo kila Mto Lumemo unapofurika.

Hivyo, somo la dungu si kurudi kwenye nyasi. Ni kuhifadhi kimo chake, kuziba mianya yake kwa wavu, na kulala ndani ya chandarua.