Jibu Lirudipo Usiku Ule Ule

Aliyesoma kwa posta hapa Unguja, katika zama za stempu na bahasha, hakosi kuikumbuka ile saa ya alasiri alipokuwa akishuka Shangani, akafungua sanduku lake la barua na kutia mkono ndani mfano wa mvuvi apapasaye dema, akautoa aghalabu mtupu. Na siku bahasha ilipowasili, imebeba zoezi lililosahihishwa kwa wino mwekundu, mwenyewe alikuwa keshasahau hata swali aliloulizwa. Mimi ni mmoja wao. Nilijifunza utunzaji wa hesabu kwa chuo kimoja cha ng'ambo, ambacho jina lake nalihifadhi, na katika somo la pili nikageuza upande wa kulia wa daftari ukawa wa kushoto. Masahihisho yaliponifikia, nilikuwa nimekwisha peleka masomo matatu mengine yenye kosa lile lile, na stempu za yote nimezilipia.

Nayataja haya kwa kuwa wanaosifu masomo ya mtandaoni huishia kukisifu kioo cha simu, ilhali faida iliyo kubwa, kwa maoni yangu, imo katika marejeo: jibu linalomrudia mwanafunzi wakati swali lingali na moto kichwani mwake. Isaac Pitman, Mwingereza aliyeanza mnamo 1840 kufundisha hatimkato kwa posta, alilijua hilo tangu mwanzo, ndiyo maana hakutosheka na kupeleka kadi zenye masomo, akawataka wanafunzi wamrudishie kazi zao azisahihishe. Adui wa elimu ya masafa tangu siku hiyo amekuwa ni urefu wa kungoja. Na sisi wa kisiwani, ambao barua zetu zina bahari ya kuvuka, tulingoja zaidi ya wengine.

Kwetu Tanzania, Chuo Kikuu Huria kiliundwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992, kikaanza kazi 1993 na kupokea wanafunzi wake wa mwanzo mwaka uliofuata, makao yake yakiwa Dar es Salaam na vituo vyake vikienea mikoani, Unguja na Pemba zikiwamo. Vitabu vya masomo vilichapwa na kusafirishwa, na mwanafunzi akavisoma peke yake hata ufike wakati wa kuonana na walimu au kufanya mtihani. Ilikuwa ihsani kubwa kwa mwalimu wa Makunduchi au muuguzi wa Mkoani asiyeweza kuacha kazi wala watoto. Lakini upweke ulikuwepo, na wenye haya ya kuuliza waliumia kimya kimya. Kisha mkonga wa mawasiliano wa baharini wa SEACOM ukaanza kazi Dar es Salaam Julai 2009, na intaneti ikaanza kuwa jambo la watu wengi. Hivi leo chuo hicho kinatumia Moodle, programu ya bure iliyotolewa mwaka 2002 na Martin Dougiamas wa Australia, ambaye utotoni mwake, huko jangwani, alifundishwa kwa redio ya masafa mafupi na kuletewa karatasi zake kwa ndege. Sistaajabu kwamba aliyewahi kuingoja ndege ndiye aliyeshika kazi hiyo.

Mpwa wangu wa kike, mwalimu wa skuli moja ya kusini, alikuwa kwetu Mji Mkongwe usiku mmoja, watoto wamekwisha lala, naye amekaa barazani na simu yake akijibu swali la historia. Alipeleka jibu baada ya isha. Nilikuwa sijamaliza kahawa yangu aliponiambia, "Mjomba, tizama, ameshanijibu! Anasema nimechanganya sababu na matokeo." Akasoma maneno ya mwalimu mara mbili, akafuta aya nzima, akaandika upya, na mwenzake wa Pemba, ambaye hawajapata kuonana, akamwongezea hoja aliyoisahau. Mimi kosa langu la namna hiyo lilinichukua miezi.

Ziko faida nyingine zisizosemwa sana. Kitabu kilichochapwa na kosa hukaa na kosa lake hata kichapwe tena, ambapo somo la mtandaoni hurekebishwa jioni moja likawafikia wote. Na sauti je? Mgeni aliyejifunza Kiswahili kwa barua angeweza kuandika "ghali" bila ya kasoro, kisha akalitamka sokoni Darajani wauzaji wakacheka. Leo humsikiliza mwalimu, akajirikodi, akasahihishwa herufi ile ile iliyomshinda.

Pamoja na hayo, wapo wanaopiga picha kurasa za vitabu vya zamani, wakazitia mtandaoni, wakatangaza kwamba kozi imegeuzwa kuwa ya mtandaoni. Huko ni kumvisha kanzu mpya mtu asiyeoga. Kozi hugeuzwa inapopangwa upya: somo refu likakatwa vipande vifupi, kila kipande kikafuatwa na swali, na mwalimu akapewa wasaa, na ujira, wa kujibu, kwani mwalimu asiyejibu huirudisha simu ikawa sanduku la posta. Video nazo zipimwe, maana bando humalizwa na dakika chache za picha, ilhali maandishi na sauti havili sana.

Na umeme tusiusahau. Sisi ambao waya wetu hupita chini ya bahari tulikaa gizani takriban miezi mitatu, tangu Disemba 2009 hata Machi 2010, na aliyeonja giza lile haamini upesi kitu kinachotegemea chaji. Kozi yenye busara humruhusu mwanafunzi kushusha masomo kwenye simu na kuyasoma pasipo mtandao.

Mpwa wangu ana dawa yake. Usiku ule, alipokwisha kuipeleka aya mpya, alitoa mkobani daftari la kurasa tisini na sita, akayanakili humo maneno yote ya mwalimu, neno kwa neno. Nilipotazama vizuri, nikaona kalamu aliyoshika ni ya wino mwekundu.