Fahamu: Kwa nini mtoto njiti hupungua uzito huku akipata maziwa ya mama

Katika Hospitali ya Mama na Mtoto ya Riley, ndani ya Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Eldoret, mizani huwatia kina mama wa watoto njiti tumbo joto. Tuseme jana ilisoma gramu 1,480, leo 1,430. Je, maziwa hayatoshi?

Si lazima. Mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za ujauzito, hupoteza maji mwilini na kupungua uzito siku za mwanzo, na wengi huurudisha uzito huo katika wiki mbili hivi. Kisha hutarajiwa kuongeza takriban gramu 15 kwa kila kilo kwa siku.

Kunyonya nako ni kazi. Kuvuta, kumeza na kupumua kwa mpangilio huanza kukaa sawa karibu na wiki ya 34 tangu ujauzito uanze. Kabla ya hapo maziwa hupitishwa kwa mrija mwembamba, puani au mdomoni. Mama hukamua angalau mara 8 kwa siku, usiku ukiwemo. Inachosha, tusidanganyane. Maziwa ya kwanza, ya manjano, yasimwagwe hata tone.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto njiti abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi, saa 8 hadi 24 kwa siku. Joto la kifua humpunguzia kazi ya kujipasha moto, na maziwa ya mama hutoka vizuri.

Uzito ukikwama, daktari anaweza kuongeza kipimo cha maziwa au virutubisho. Nanyi akina nyanya mnaokuja kumwona mjukuu, tafadhali, msimpe maji ya glukosi wala maziwa ya ng'ombe.