Rangi ya nyuma ya akwariumu

Ku biro ya sendika yetu tulipewa akwariumu, lile sanduku la vioo la kufugia samaki. Kamarade mmoja wa kule Moba alituahidi samaki wadogo wa ziwa Tanganyika, wale wanaokaa kati ya mawe. Lakini nyuma ya kioo nyaya na ukuta muchafu vilionekana. Tukasema: tupake rangi.

Kijana mmoja, fundi wa kuunga vyuma, akaleta kopo la rangi nyekundu ya kuzuia kutu, masazo ya kazini. "Bakubwa, hii ni ya bure!" Kopo halikuwa na etiketi. Tukakataa. Rangi nyingine za kutu zina risasi, ile tunaita plombe, na plombe inaharibu akili ya mutoto hata ikiwa kidogo. Bamama wanakuja hapa na watoto, na mutoto anagusa kila kitu. Tena kuna rangi za mashua zenye shaba ndani. Shaba inatulisha sisi, lakini mu mayi inaua samaki.

Tukanunua rangi ya mayi, yenye kuandikwa kwamba haina plombe. Nyeusi ao buluu? Tulibandika karatasi za rangi zote mbili nyuma ya kioo, kila mutu akatazama. Nyeupe hatukuijaribu: mbele yake samaki wengi wanapauka. Nyeusi njo ilishinda, juu mbele yake rangi ya samaki inaonekana vizuri.

Rangi inapakwa inje ya kioo, hapana ndani, na sanduku likiwa tupu. Tulipangusa kioo na siki, tukafunika kando na utepe, tukapitisha rulo mara tatu, kila mara nyembamba, na kungoja ikauke. Madirisha wazi. Ukikosea, wembe unaikwangua.

Tulipomaliza, yule kijana akauliza: "Kama ile rangi haifai nyuma ya samaki, mimi ninayeikwangua na kuichoma kila siku, bila maske?"

Hakuna aliyecheka. Vumbi na moshi wa rangi ya plombe vinaingia mu mapafu, na nguo za kazi zinavipeleka ku nyumba. Kesho yake tulipeleka kopo lile kwa wakubwa wa kazi, tukaomba mambo mawili: jina la vitu vilivyomo, na maske kwa kila fundi.

Wandugu, kopo lisilo na etiketi lisiingie kwenu. Na kazini, ulizeni jina lake.