Mwaka Mpya Huingia Mara Mbili Narva

Usiku wa tarehe 31 Desemba, katika mji wa Narva ulio pembeni kabisa mwa Estonia, mpakani na Urusi, mwaka mpya huingia mara mbili. Mara ya kwanza ni saa tano usiku, kengele za Kremlin zinapolia Moscow, ambako wakati huo ni saa sita. Watu husimama, hugonganisha glasi, hubusiana na kutakiana heri. Kisha huketi, huongeza chakula sahanini na kungoja. Ikitimia saa sita ya Estonia husimama tena, wakaanza upya. Fataki hulipuka mara mbili, na mbwa huingia chini ya kitanda mara mbili.

Saa ya Moscow ni saa ya bibi. Saa ya Estonia ni ya kazini, ya shule na ya basi. Hakuna aliyeitisha kikao kuamua hivyo. Nchi ilibadili majira, na watu hawakuona sababu ya kuacha sherehe moja kwa ajili ya nyingine.

Mezani huwa hakuna mjadala. Lazima iwepo saladi ya Olivier: viazi, karoti, mayai, njegere na matango ya chumvi, vyote vimekatwa vipande vidogo vinavyolingana na kuchanganywa na mayonezi. Lazima iwepo heringi waliofunikwa kwa tabaka za viazi na kiazisukari chekundu, chakula ambacho Warusi hukiita samaki aliyevaa koti la manyoya. Iwepo kholodets, yaani supu ya kongoro iliyoachwa kwenye baridi mpaka ikaganda. Na chenza, kwa sababu enzi za Usovieti chenza zilikuwa haba na zilionekana madukani majira hayo, basi harufu ya ganda lake ikawa ndiyo harufu ya mwaka mpya.

Wakiwa wanakula, televisheni huwa imewashwa, na aghalabu inaonyesha filamu ya Eldar Ryazanov, Ironiya sudby, iliyorushwa hewani mara ya kwanza tarehe 1 Januari 1976. Mwanamume wa Moscow analewa mkesha wa mwaka mpya, anapakiwa kimakosa kwenye ndege ya Leningrad, anamtajia dereva wa teksi anwani yake, na kweli mtaa upo, jengo lipo, ghorofa ipo, na ufunguo wake unafungua mlango. Analala fofofo kwenye nyumba ya mtu akidhani yuko kwake. Kila mwaka watazamaji hucheka palepale. Naona watu wa Narva wana haki ya kuicheka filamu hiyo kuliko wengine wote, maana majengo yao ya ghorofa ni yaleyale. Ila wao walilala kwao, wakaamka nchi nyingine, na ufunguo bado unafungua.

Mswahili akikutana na mgeni, salamu zikiisha swali halikawii: kwenu ni wapi? Haulizi unakoishi. Anauliza kitovu chako kilizikwa wapi na wazee wako wamelala wapi. Mrusi wa Narva ukimuuliza hivyo, ujue umemtwisha hesabu ndefu. Yeye alizaliwa Narva. Babu yake alitoka Pskov au Smolensk, au alifia vitani na kaburi lake halijulikani. Mama amezikwa Ivangorod, ng'ambo ya mto, mwendo wa dakika chache kwa miguu, na huko sasa ni Urusi.

Mto wenyewe ndio mpaka. Upande huu kuna ngome ya Hermann. Upande ule ngome ya Ivangorod, iliyojengwa na Ivan wa Tatu mwaka 1492. Zinatazamana kama majirani waliogombana na hakuna aliye tayari kuhama. Narva ina watu zaidi ya 50,000, ni mji wa tatu kwa ukubwa Estonia, na zaidi ya asilimia 90 ya wakazi wake huzungumza Kirusi nyumbani. Haikuwa hivyo zamani. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia wengi wao walikuwa Waestonia. Mwaka 1944 mji ukabomolewa kwa mabomu, na vita vilipokwisha wenyeji wengi wakazuiwa kurudi. Zikaja familia kutoka Urusi, Belarus na Ukraine kufanya kazi kwenye kiwanda cha nguo cha Kreenholm, kilichoanzishwa mwaka 1857, na kwenye mitambo ya umeme. Waliokuja hawakujiona wahamiaji. Walikuwa wamefuata kazi na nyumba ndani ya nchi moja.

Waestonia nao wana yao. Mwaka 1934 walikuwa asilimia 88 ya wakazi wa nchi. Kufikia 1989 walikuwa asilimia 61 na ushee. Machi 1949 pekee, watu zaidi ya 20,000 walisombwa kwa mabehewa kupelekwa Siberia. Ukiijua hesabu hiyo huwezi kumlaumu sana mzee wa Kiestonia anayesikia Kirusi dukani akakunja uso, ingawa msichana aliyekizungumza hakumpeleka mtu Siberia.

Usovieti ulipovunjika, Warusi wapatao milioni 25 walijikuta nje ya Urusi. Estonia ilirudisha uhuru wake Agosti 1991, na mwaka uliofuata ikasema kwamba raia ni wale waliokuwa raia kabla ya Usovieti kuikalia nchi Juni 1940, pamoja na vizazi vyao. Wengine waombe, na wafaulu mtihani wa Kiestonia. Mwaka 1992 karibu theluthi ya wakazi hawakuwa raia wa nchi yoyote. Sasa ni chini ya asilimia 5. Wengine walifanya mtihani, wengine walichukua uraia wa Urusi, wengine wamefariki wakingoja.

Ndiyo maana nyumba moja ya Narva huweza kuwa na pasipoti za aina tatu kwenye droo moja. Ya baba ni ya Urusi na ya binti ni ya Estonia, zote mbili rangi ya damu ya mzee, na kwa mbali huzitofautishi. Ya bibi ni ya kijivu. Imeandikwa kwamba ni ya mgeni, ingawa mwenye nayo ameishi mtaa huohuo miaka 50. Na maisha yana vichekesho vyake: kuanzia 2007 mwenye pasipoti ya kijivu aliweza kutembea nchi nyingi za Umoja wa Ulaya bila viza, na kuanzia 2008 aliingia Urusi pia bila viza, wakati mjukuu wake mwenye uraia kamili alipanga foleni ya viza ili kumwona shangazi Saint Petersburg. Wengi hawakuona haraka ya kuibadilisha. Kilichowauma ni kura. Kwa muda mrefu walipiga kura za serikali za mitaa tu. Machi 2025 katiba ikarekebishwa, raia wa Urusi wakaondolewa hata huko, na wasio na uraia wakaachiwa uchaguzi wa Oktoba mwaka huo kuwa wa mwisho.

Anayedhani watu hawa wangejisikia nyumbani wakivuka mto, na avuke nao. Huko Urusi wao huitwa pribalty, watu wa Baltiki. Huchekwa kwamba wanazungumza polepole, wanangoja taa ya kijani hata barabara ikiwa tupu, wanalalamika foleni ikivurugwa. Kirusi chao kimeota majani ya hapa: mfuko wa bima ya afya ni haigekassa, chama cha wenye nyumba za ghorofa ni ühistu, kibali cha ukaazi ni elamisluba, maneno ya Kiestonia matupu yanayonyambulishwa Kirusi bila mtu kujishtukia. Mgeni kutoka Moscow hubaki ametoa macho. Kuna kauli inayosikika sana kwao: hapa sisi Warusi, kule sisi Waestonia.

Majina nayo yana kisa. Kwa Warusi adabu humtaka mtu mzima aitwe kwa jina lake na la baba yake. Mwalimu hawi Svetlana. Ni Svetlana Petrovna, yaani Svetlana binti Petr, na mtoto anayemwita vinginevyo hafunzwi kwao. Vitambulisho vya Estonia havina nafasi ya jina la baba. Kwa hiyo ofisini mwanamke huyo ni Svetlana mtupu, na akirudi kwenye ngazi za jengo lake majirani humrudishia baba yake. Latvia, nchi jirani, wamekwenda mbali zaidi: majina ya wanaume hutiwa kiishio cha Kilatvia, Boris akawa Boriss, Ivanov akawa Ivanovs. Mmoja aliyebadilishwa hivyo alipeleka malalamiko Umoja wa Mataifa, na mwaka 2010 Kamati ya Haki za Binadamu ikaona kwamba haki yake ilivunjwa. Latvia hiyohiyo mwaka 2023 ilianza kuwataka wenye uraia wa Urusi walio chini ya miaka 75 waonyeshe kwamba wanajua Kilatvia, wakaonekana mabibi wa miaka 70 wamekaa kwenye madawati na kalamu mkononi. Lugha ya nchi ijulikane, sina ubishi. Lakini anayemtahini bibi wa miaka 74 ana jambo lingine moyoni.

Tusiwafanye kuwa kundi moja, maana wako Warusi wa Estonia ambao hawakuletwa na kiwanda. Ukishuka kusini utafika Ziwa Peipsi, na kando yake vijiji vya Varnja, Kasepää na Kolkja, nyumba zimejipanga mstari mmoja kwenye barabara kilomita kadhaa. Hawa ni Waumini wa Kale. Miaka ya 1650 Patriaki Nikon alibadili vitabu na ibada za Kanisa la Urusi, akaamuru ishara ya msalaba ifanywe kwa vidole vitatu. Wao wakashikilia viwili. Wakateswa, wakakimbia, wengine wakafika ufuko huu. Waliikimbia Urusi ili waendelee kuwa Warusi.

Humo vijijini vitunguu hupandwa kwenye matuta marefu na membamba yaliyoinuliwa, na vikivunwa husukwa kama nywele, vikatundikwa barazani vikauke. Chai hutoka kwenye samovari. Zamani mtu wa nje alipokaribishwa alipewa kikombe cha wageni, kilichowekwa kando, kwa sababu asiye wa imani yao hakuchangia chombo nao. Hakikuwa kikombe kibaya. Mgeni alijaziwa chai, akasogezewa sukari na samaki, akaheshimiwa, na akajua mwisho wake ni wapi. Desturi hiyo imelegea. Lakini nikilinganisha kikombe kile na pasipoti ya kijivu, naona kikombe kilikuwa na ukarimu zaidi. Na kwa kuwa walikuwapo kabla ya 1940, wengi wa watu hawa walipata uraia bila kuulizwa lolote. Hawatazami Moscow wapate kujua wao ni nani. Wana kaburi, tuta na kitabu cha sala, vyote palepale.

Narva haikupata bahati hiyo. Kumbukumbu yake kubwa ilikuwa vita, na vita vina wenyewe wengi. Nje kidogo ya mji kulikuwa na kifaru cha T-34 juu ya jukwaa. Maharusi walikwenda kupiga picha na kukiwekea maua. Agosti 2022, miezi sita baada ya Urusi kuivamia Ukraine, serikali ilikiondoa. Tangu 2023, kila tarehe 9 Mei, Siku ya Ushindi kwa Warusi, Ivangorod hujenga jukwaa na skrini kubwa inayotazama Narva na kurusha nyimbo za ushindi juu ya maji. Narva nayo hutundika kwenye ukuta wa ngome bango linalomwita Putin mhalifu wa kivita. Kati ya skrini na bango, kwenye njia ya waendao kwa miguu kando ya mto, husimama watu wa Narva. Wapo waliokuja kusikiliza nyimbo za baba yao, wapo wanaochukia kila kinachoendelea pande zote mbili, na mwandishi wa habari akiwauliza huchukua sentensi moja tu kwa kila mmoja.

Kuanzia Septemba 2024, katika shule zilizokuwa zikifundisha kwa Kirusi, darasa la kwanza na la nne walianza kusoma kwa Kiestonia, na madarasa mengine yanafuata. Wajukuu watakijua. Bibi hukubali kwamba ni jambo jema, halafu huuliza barua zake za Kirusi zitasomwa na nani.

Daraja la kwenda Ivangorod halipitishi magari tangu Februari 2024, na usiku hufungwa. Watu huvuka kwa miguu wakikokota mabegi, baada ya foleni inayoweza kula nusu siku. Siku ya Radonitsa, juma la pili baada ya Pasaka, foleni hiyo huwa na akina bibi wengi, kwa sababu ndiyo siku ya kuwapelekea marehemu Pasaka yao. Kaburi la Kirusi lina uzio mdogo, benchi, na mara nyingi meza. Walio hai hukaa hapo, hula kidogo na kumwachia aliyelala yai na kipande cha mkate.

Kabla ya kutoka nyumbani kuna desturi moja ambayo hata asiyesali huifuata. Koti limeshafungwa vifungo, viatu viko miguuni, mfuko uko magotini. Wote walio ndani hukaa, anayesafiri na anayebaki, bibi juu ya stuli ya mlangoni, mjukuu juu ya begi la shule. Hakuna anayesema. Ndani ya mfuko mna mayai yaliyochemshwa na maganda ya vitunguu mpaka yakawa mekundu kama udongo, na afisa wa forodha huenda akayapitisha, huenda akayazuia. Dakika inapita. Bibi huangalia saa ya ukutani, kisha husimama.