Tela Zito Nyuma ya Pikapu Kuukuu

Mavuno yakiisha, mwenye pikapu kuukuu hana raha. Kila jirani humwomba: "Ndugu, nisaidie kufikisha magunia yangu sokoni." Tela hufungwa, mahindi hupakiwa, na watu huuliza neno moja tu: je, injini itavuta? Afadhali wangeuliza kama gari litaweza kusimama.

Kitabu cha gari hutaja uzito unaoruhusiwa. Kwa pikapu nyingi ndogo, tela lisilo na breki zake lenyewe lisizidi kilo 750, uzito wa tela ukiwamo. Basi tela la kilo 250 litachukua magunia 5 ya kilo 100, wala si 10. Najua hesabu hii haimpendezi mwenye mahindi, lakini na aende safari mbili.

Magunia yakilundikwa nyuma ya ekseli, tela huanza kutikisika kama mkia. Uzito uzidi kidogo upande wa mbele, hata sehemu moja katika kumi ilalie ndoano ya gari. Kwa tela la kilo 750, ni kilo 75 hivi. Mizani ya mazao yatosha kupimia: egemeza mkono wa tela juu yake, tela likiwa limekaa sawa, usome. Funga na mnyororo wa akiba, wala mtu asipande juu ya magunia.

Tela likiyumba njiani, usikanyage breki kwa nguvu wala kukata usukani huku na huku. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawasawa, mwendo upungue wenyewe.

Lakini hatari kubwa ni mteremko. Anayetoka Iringa kwenda Morogoro anaijua Kitonga, kona baada ya kona, mlima huku na bonde kule. Dereva akishuka huku amekanyaga breki muda wote, zinapata moto. Mafuta ya breki yaliyozeeka yamekwisha kunyonya unyevu wa hewani. Yakipata joto kali huchemka na kutoa mapovu, na pedeli huzama hadi chini bure. Ndiyo sababu mafundi wengi huyabadilisha kila miaka 2.

Ingiza gia ndogo kabla hujaanza kushuka, injini izuie gari. Breki ikanyage kwa vipindi, kisha uiache ipoe. Ukisikia harufu ya kuungua, simama pembeni palipo wazi, weka mawe mbele ya magurudumu, ungoje. Usizimwagie maji, chuma chenye moto hupasuka.